Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza

Kwa wazazi na walezi wote
KUH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA, 2026

Wazazi wapendwa,

Poleni na kazi za muhula. Kila mara huanza barua hii na tarehe za kufunga na kufungua. Leo tarehe zitangoja, kwa maana nina mstari mmoja wa shairi ambao lazima uje kwanza:

Mfereji wakauka, mama abeba mtungi.

Hesabuni silabi kwa vidole: mizani 8 kwenye ukwapi, nusu ya kwanza ya mstari, mizani 8 kwenye utao, nusu ya pili. Hicho ndicho kibwagizo cha shairi la kikundi ambalo watoto wenu 30 walilipeleka kwenye Tamasha la Drama na Filamu, wakashika nafasi ya kwanza katika kaunti ndogo, kisha wakasimama na shule za Nairobi nzima na kutajwa miongoni mwa wanaosonga mbele hadi ngazi ya kitaifa. Shule ya kutwa ya Eastlands, isiyo na ukumbi wake wa maana, isiyo na basi. Nilikuwepo jina letu liliposomwa. Sikuweza kuketi.

Shairi lilitungwa na mwalimu wetu wa Kiswahili mwezi wa Desemba, ploti anayoishi ilipokaa siku nyingi bila maji. Mazoezi yalianza wiki ya pili ya muhula, saa kumi na nusu jioni, nyuma ya jikoni, kwa sababu ukumbi tumeugawa kuwa madarasa ya Gredi ya 10. Mwalimu aliazima sufuria kwa mpishi, akaigeuza, akawa anagonga mizani kwa mwiko. Aliyemeza silabi alirudishwa mwanzo. Aliyesema "mfeleji" alirudishwa mwanzo, taratibu, bila kelele, mpaka ulimi ukaizoea r. Mwalimu wa Muziki akaongeza mvumo wa sauti za chini, kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo, nao ukawa unapita chini ya beti zote kama lori la maji linalosikika kwa mbali ila halifiki.

Baada ya ubeti wa tatu wote hunyamaza. Kijana mmoja wa Kidato cha Nne hutembea hadi mbele na kuweka mtungi wa njano wa lita 20 sakafuni. Mtungi mtupu una mlio wake, na kila aliyekulia mitaa yetu anaujua. Siku ile mlio huo ulipotoka, ukumbi mzima ulinyamaza pamoja na watoto. Mama mmoja wa shule nyingine, aliyekuwa kiti cha mbele yangu, alisema kwa sauti ndogo, "Ni kweli." Kwangu mimi, hiyo ndiyo iliyokuwa tuzo, hata kabla ya majaji kusimama.

Wazazi wetu waliofika siku hiyo walikuwa 11. Nawashukuru kwa moyo wote, na hasa yule aliyekesha akishona leso za wasichana. Wengine niliwaalika kwa ujumbe wa simu mara tatu. Najua kazi ni kazi na Jumamosi ni siku ya biashara. Lakini watoto hutafuta sura ya mtu wao kwenye viti. Niliwaona wakitafuta.

Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ya mwaka jana wastani wetu wa Kiswahili ulipanda kutoka C+ hadi B-, na sioni hilo kuwa jambo la mbali na jukwaa. Fasihi peke yake ina alama 80 kati ya 200 za Kiswahili, na mtoto aliyelibeba shairi kinywani mwake halikimbii akilikuta kwenye karatasi. Kwa Kiingereza vilevile: karatasi ya kwanza ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za kusikiliza na kuzungumza. Zinatahiniwa kwa kalamu, lakini hufundishwa kwa mdomo, na ndiyo sababu walimu wetu wa lugha huwasimamisha watoto mbele ya darasa kila wiki. Wazazi wanaonipigia simu kulalamika kwamba mtoto "anapotezewa muda kwa michezo ya kuigiza" nawaomba waisome aya hii mara ya pili.

Nije kwa wazazi wa Gredi ya 10, kundi la kwanza la sekondari pevu katika mtaala mpya. Januari nilipokea wengi ofisini wakitaka watoto wao wahamishwe kutoka mkondo wa Sanaa na Michezo. Swali lilikuwa moja: atakula nini? Nilijibu wakati huo na narudia sasa. Mikondo ni mitatu, na hakuna uliowekwa kuwa jalala la walioshindwa na mingine. Kiswahili na Kiingereza ni vya lazima kwa kila mkondo, na anayesoma lugha ya ishara ya Kenya anaweza kuichukua mahali pa Kiswahili. Anayetaka Fasihi ya Kiswahili, Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu ajue kwamba masomo hayo yako katika mkondo wa Sayansi za Jamii, si wa Sanaa. Wengi mmelichanganya hilo. Mtoto aliyekuja kwangu akisema anataka Muziki na Densi, na akaniimbia pale pale mbele ya babake, sitamhamisha ili jirani zenu wasikie neno uhandisi.

Sasa jambo lililoninyima usingizi muhula huu.

Wiki ya sita, wanafunzi wanne wa Kidato cha Tatu waliingia shuleni na simu, kinyume cha kanuni ambayo kila mmoja wenu aliitia sahihi. Walimrekodi kwa siri msichana wa Gredi ya 10 akisoma taarifa mbele ya darasa. Msichana huyo alihamia Nairobi Januari hii kutoka mashambani. Kuna sauti ya Kiswahili ambayo lugha ya kwao haina, na ulimi wake ukaitamka walivyozoea kwao. Neno lenyewe sitaliandika hapa. Limeandikwa vya kutosha. Wakaikata video, wakalirudia neno hilo mara kumi, wakaitia muziki. Kufikia saa moja usiku ilikuwa imefika katika kundi la WhatsApp la wazazi wa Gredi ya 10.

Watoto walikosea, na nitasema walichofanyiwa. Lakini barua hii ni yenu, wazazi. Chini ya video hiyo nilihesabu vicheko 41. Vicheko vya watu wazima, wenye majina na picha za harusi zao. Mmoja aliandika kwamba mtoto huyo arudishwe ocha, mashambani kwao, akajifunze kwanza. Mama wa msichana yumo katika kundi hilo. Aliyasoma yote, moja baada ya jingine, akiwa ameketi karibu na binti yake. Binti hakuja shuleni kwa siku tisa.

Hapa Nairobi kutamka hivyo mnakuita kushrabu, kana kwamba ni ugonjwa wa watu fulani. Kikuyu hakina sauti ya l. Kidholuo hakina sh. Mwingereza naye hupambana na ng' ya ng'ombe, kwa sababu kwao sauti hiyo haianzi neno. Ulimi hubeba nyumba ulikolelewa, na kazi ya mwalimu wa lugha ni kuuongezea chumba, si kuubomoa. Wengi wenu mnakumbuka kibao tulichovishwa shingoni shule ya msingi kwa kosa la kusema lugha ya mama. Mimi nilikivaa nikiwa darasa la nne, na kamba yake ya katani naikumbuka ilivyokuwa ikinichoma hapa nyuma ya shingo. Miaka yote hiyo imepita, tuna Katiba ya 2010 ambayo Kifungu chake cha 7 kinaifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na papo hapo kinaitaka serikali ilinde na kukuza lugha zote za Wakenya, halafu sisi wenyewe tunamvisha mtoto kibao kile kile, safari hii kwa simu.

Wanne hao walikaa nyumbani wiki moja kwa uamuzi wa Bodi ya Usimamizi, wakarudi na wazazi wao, wakaomba radhi. Wawili kati yao walikuwa katika kundi la shairi, sauti nzito mbili zilizoshikilia kibwagizo. Ni mwalimu wa Kiswahili mwenyewe aliyekuja kuniambia waondolewe, na mashindano yalikuwa wiki mbili mbele. Alisema hawezi kuwafundisha wengine kuheshimu neno huku amewaacha hao jukwaani. Kundi likabaki watu 30. Wazazi wa vijana hao walinijia, mmoja akagonga meza yangu, wakidai mwalimu ana chuki na kwamba ule ulikuwa utani tu. Jibu langu halijabadilika, hata sasa tunapoelekea kitaifa na sauti nzito tunazihitaji. Hawatapanda basi. Muhula ujao wataruhusiwa kurudi mazoezini kama wengine.

Msichana amerudi. Anasoma, na kila Alhamisi huketi na mwalimu wa Kiingereza pamoja na wanafunzi wengine saba kwa mazoezi ya kuzungumza. Tafadhalini, msimsimamishe njiani kumuuliza habari hii. Kati ya waliocheka, waliompigia mamake kuomba msamaha ni watatu. Wale 38 nambari yake mnayo.

Kuhusu karo, nitasema waziwazi. Serikali hutenga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, nazo huja kwa mafungu. Pesa hizo hazinunui githeri ya mchana. Kwenye mkutano mkuu mliinua mikono mkakubali mchango wa chakula na wa kuwalipa walimu walioajiriwa na Bodi. Nina kumbukumbu za mkutano, na sikuona mkono uliobaki chini. Leo zaidi ya nusu yenu mna deni, na wengine deni hilo ni la mwaka jana.

Walioajiriwa na Bodi ni akina nani? Ni mwalimu wa Kifaransa na mwalimu wa Muziki. Hawamo katika orodha ya TSC, tume inayowaajiri walimu wa serikali. Februari walilipwa nusu mshahara, Machi nusu tena. Jumamosi moja mwalimu wa Muziki alifika mazoezini saa mbili na robo, viatu vimejaa vumbi, akaomba radhi kwa kuchelewa. Alikuwa ametembea kutoka mtaa wa Pipeline. Hakuniambia; mlinzi wa lango ndiye aliyeniambia. Mtu huyo ndiye mliyepiga naye picha siku ya ushindi.

Sitamrudisha mtoto nyumbani kwa deni la mzazi. Lakini sitakubali tena ahadi za mdomo. Kila mwenye deni afike ofisini siku ya kufungua, tuandikiane mpango wa kulipa, hata kama ni mia tano kwa wiki. Mwenye shida ya kweli aniambie, mlango wangu hauna foleni. Fomu za basari ya maeneo bunge na ya kaunti ziko kwa karani. Malipo yote ni kupitia nambari ya M-Pesa ya shule. Mzazi asimpe mwalimu pesa mkononi, hata za leso.

Ijumaa nazo zimekuwa sikukuu: wapo wanaowachukua watoto saa tano kwa safari za nyumbani, na kipindi cha Insha kiko saa nane. Ikome.

Sweta ni za kijani tu. Vyoo vipya vya wavulana vimekamilika. Tarehe ya kufungua iko chini ya ripoti ya mtoto.

Mwisho, kwa wazazi wa wale 30. Mazoezi yanaendelea likizoni, Jumatatu hadi Alhamisi, saa mbili hadi saa sita, na chakula kitakuwepo. Fomu ya ruhusa irudi imetiwa sahihi kabla ya Jumatano. Kila mmoja aje na mtungi wake wa njano, uliooshwa, na kifuniko kimetolewa, kwa sababu ukifungwa mlio wake hubadilika. Siku ya safari basi la kukodi litaondoka langoni saa kumi na moja alfajiri. Kuna viti 14 vya wazazi, na anayetaka kimoja aandikishe jina kwa naibu mwalimu mkuu.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu