Mchungwa wenye njaa hautibiwi kwa dawa ya wadudu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo la michungwa yetu hapa Muheza, maana tumeshakata mingi kwa kutojua.

Nina miti 140 ya Valencia aliyoniachia marehemu mume wangu. Misimu mitatu iliyopita machipukizi yalianza kutoa majani membamba kama ya mpilipili, yamesimama wima na kubanana kwenye ncha za matawi. Mishipa kijani, katikati yake njano. Matunda yakawa madogo, dalali akayatazama akacheka. Nikabeba tawi hadi duka la pembejeo. Kijana wa pale hakuligeuza hata mara moja, akanipa chupa ya dawa ya wadudu. Niliporudi akanipa nyingine, kali zaidi. Misimu miwili napuliza, na bomba lenyewe la kukodi! Jirani yangu yeye hakusubiri: alikata yote, akachoma mkaa, sasa pale pana mihogo.

Aliyenifumbua macho ni bwana shamba mstaafu aliyekuja kwetu matangani. Alichuma jani, akalikunja kwa kufuata mshipa mkuu, akaliinua juani. Njano ya upande huu ikalala sawasawa juu ya njano ya upande wa pili. "Mama, hii njaa ya zinki," akasema, yaani mti umekosa madini hayo. Akanieleza kuwa ule ugonjwa wa bakteria unaoitwa griningi, unaoenezwa na vidudu vinavyofyonza machipukizi, huacha mabaka yasiyolingana: huku lipo, kule hakuna. Na chungwa lake hupinda, likabaki kijani kitakoni hata likiiva.

Tukapita mti kwa mti. Miti 9 mabaka hayakulingana na matunda yalikuwa yamepinda. Uhakika kamili hutoka maabara, lakini sikuthubutu kungoja, nikaing'oa. Mmoja ulikuwa wa mlangoni, wa kivuli. Iliyobaki ilikuwa na njaa, wala si ya zinki peke yake. Mingine majani yake ya zamani yalikuwa njano kotekote, kijani kimebaki pembetatu tu karibu na kikonyo. Hiyo, akasema, ni magnesiamu.

Kwa zinki tulichanganya gramu 500 za zinki salfeti na gramu 250 za chokaa iliyozimwa, ili isiunguze majani, katika lita 100 za maji. Tukapuliza majani mapya yakiwa bado laini. Yaliyokwisha kuharibika hayakurudi, ila yaliyofuata yalitoka mapana.

Lakini msikimbilie zinki kwa kila njano mnayoiona. Dada yangu yuko Makunduchi, Unguja, kwenye ardhi ya uwanda, mawe matupu. Mindimu yake hugeuka njano majani ya juu kabisa, na mishipa tu ndiyo hubaki kijani. Kule kinachokosekana ni madini ya chuma: yamo ardhini, ila chokaa ya yale mawe inayazuia mti usiyapate. Ningempelekea unga wangu wa zinki ningepoteza nauli.

Na simlaumu yule kijana peke yake. Tangu utoto wangu malori yanapakia machungwa hapa kwenda Dar es Salaam na Nairobi. Shambani tunarudisha nini? Tunafyeka, tunangoja maua.

Ninachoomba ni hiki. Maduka ya pembejeo yabandike ukutani picha za majani, jani la njaa na jani la ugonjwa, kwa Kiswahili, na muuzaji alitazame jani kabla hajafungua kabati la sumu. Pili, wilaya yetu ndiyo yenye kituo cha utafiti wa udongo, kile cha Mlingano. Basi halmashauri ikae nao, watupangie sisi wakulima wadogo siku za kupeleka udongo na majani yetu, na ada itangazwe vijijini mapema, kabla ya mvua za vuli.

Majani yangu nimeyakausha katika daftari la mjukuu, kila moja na jina la njaa yake. Mwandishi wenu akipita huku, aje alipige picha.

Mkulima wa machungwa,
Muheza, Tanga