Shukrani kwa fundi aliyeokoa sakafu yetu

Karibu na bafu, sakafu ilikuwa ikibonyea kila ukikanyaga. Nyumba ni ya zamani, na fundi wa kwanza alishatuambia mbao zote zing'olewe.

Huyu wa pili, ambaye hataki atajwe, alijipenyeza chini ya sakafu na tochi, akawa anachoma boriti mojamoja kwa bisibisi. Zilizooza ni mbili tu. Kwenye moja, bisibisi ilizama hadi mpini kama imechomwa kwenye tope.

Hakukimbilia kukata. Alianza na bomba lililokuwa likivuja, maana ndilo mkosaji. Kisha jeki juu ya ubao mpana, akainua polepole, milimita chache kwa siku, plasta isipasuke. Boriti moja aliibadilisha nzima. Ya pili, iliyooza ncha tu, aliikata palipooza, akaambatisha ubavuni mbao mpya ndefu ya kimo kilekile, akaibana kwa bolti. (Mimi ningepiga misumari.)

Bolti mbili zilizobaki alinirudishia mkononi. Ahsante sana, fundi. Nanyi wenye sakafu zinazobonyea, ombeni kwanza boriti zichomwe bisibisi mkiona kwa macho yenu.