Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Everton, Msimu wa 2022/23

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha mashabiki wa Everton inamtaka mwenyekiti awasilishe taarifa ya mwaka kabla ligi mpya haijaanza. Mambo ya chama ni machache, nimeyaweka mwishoni. Sehemu kubwa ya taarifa hii ni ya timu, na hasa swali ambalo wengi wenu mmekuwa mkiliuliza tangu Mei 28, 2023, siku ya mwisho ya Ligi Kuu ya Uingereza: tumeponea wapi hata tusishuke daraja?

Tumemaliza nafasi ya 17 kwa pointi 36. Tumeshinda mechi 8, tumetoka sare 12, tumefungwa 18. Tumefunga mabao 34 na kuruhusu 57. Walioshuka ni Leicester City wenye pointi 34, Leeds United 31 na Southampton 25. Ukitazama haraka utasema tuliwazidi Leicester kwa pointi 2, lakini hata hizo 2 zilikuwa nyembamba kuliko zinavyoonekana. Tofauti yetu ya mabao ni -23, ya kwao ni -17. Tungelingana pointi, sisi ndio tungeshuka, na Everton haijawahi kucheza nje ya daraja la juu tangu 1954.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kufunga mabao. Timu moja tu katika ligi nzima ilifunga machache kuliko sisi, Wolverhampton Wanderers (Wolves), mabao 31. Hata Southampton waliomaliza mkiani walifunga 36. Chanzo kinajulikana. Julai 2022 Richarlison aliuzwa Tottenham Hotspur, naye ndiye aliyekuwa ametufungia mabao 10 ya ligi msimu uliotangulia. Dominic Calvert-Lewin, aliyetegemewa abebe mzigo huo, aliandamwa na majeraha. Alicheza mechi 17 za ligi na kufunga mabao 2, moja likiwa la penalti. Neal Maupay alisajiliwa kutoka Brighton mwezi Agosti ili kuziba pengo, akafunga bao 1 la ligi. Mfungaji wetu bora alikuwa winga, Dwight McNeil, mwenye mabao 7. Timu ambayo mfungaji wake bora ni winga mwenye mabao 7 haiwezi kushangaa ikijikuta mkiani.

Kocha Frank Lampard aliongoza mechi 20 za ligi: ushindi 3, sare 6, vipigo 11, mabao 15. Ulinzi wake mwanzoni haukuwa mbaya. Mambo yaliharibika kabisa kuanzia Novemba. Bournemouth walitufunga 3-0 katika mechi ya mwisho kabla ya ligi kusimama kupisha Kombe la Dunia, na tuliporudi Desemba 26 Wolves walitufunga 2-1 nyumbani kwetu Goodison Park. Januari Brighton wakaja hapo hapo wakaondoka na 4-1, kisha Southampton, waliokuwa mkiani, wakashinda 2-1 kwa mabao mawili ya James Ward-Prowse. Kipigo cha 2-0 kwa West Ham Januari 21 kikahitimisha kazi ya Lampard. Alitimuliwa siku mbili baadaye, tukiwa na pointi 15.

Dirisha la usajili la Januari ndilo ninalolaumu kuliko kocha yeyote. Anthony Gordon aliuzwa Newcastle United, na hakununuliwa mchezaji hata mmoja wa kikosi cha kwanza. Arnaut Danjuma alikuwa ameshapimwa afya kwetu, kilichobaki ni kutangazwa, akageuka njiani na kwenda Tottenham. Aliyeongezeka katika ushambuliaji ni kijana wetu wenyewe, Ellis Simms, aliyeitwa arudi kutoka Sunderland alikokuwa kwa mkopo. Ikumbukwe dirisha lilifungwa siku moja tu baada ya Sean Dyche kukabidhiwa timu Januari 30. Kocha mpya alipewa kikosi kile kile, kikiwa pungufu ya mtu mmoja.

Alichobadilisha Dyche hakikuwa cha ajabu, ila kilikuwa wazi. Alipanga viungo watano nyuma ya mshambuliaji mmoja, Idrissa Gueye akibaki chini, Amadou Onana na Abdoulaye Doucouré wakitangulia mbele yake. Doucouré alikuwa amesahaulika chini ya Lampard. Dyche alimrudisha na kumpa kazi ya kukimbia kuingia kwenye boksi kila mpira unapokwenda pembeni. Mipira ya kutenga ikawa silaha. Mechi ya kwanza, Februari 4, dhidi ya Arsenal waliokuwa kileleni, McNeil alipiga kona, James Tarkowski akaruka juu kwenye nguzo ya mbali na kuweka kichwa wavuni dakika ya 60. Ikaisha 1-0. Chini ya Dyche tulipata pointi 21 katika mechi 18, na mabao 19.

Sasa nije kwenye hesabu, maana hapa ndipo mabishano yetu yalipo. Chukueni msimamo wa mwisho, kalamu na karatasi. Tulishinda mechi 5 kwa 1-0: West Ham (Maupay), Arsenal (Tarkowski), Leeds (Seamus Coleman), Brentford (McNeil) na Bournemouth (Doucouré). Geuzeni yoyote kati ya hizo iwe sare. Tunabaki na 34, tunalingana na Leicester, tunashuka kwa tofauti ya mabao. Kwa hiyo lile bao la Coleman la Februari 18, alilolipiga kutoka pembeni karibu na mstari wa goli, mahali ambapo kila mtu alidhani atatia krosi, lina uzito sawasawa na la Doucouré siku ya mwisho.

Haya, njoo kwenye sare. Mabao matatu ya kusawazisha yalikuja mwishoni kabisa: Simms dakika ya 89 kwa Chelsea, Michael Keane dakika ya 90 dhidi ya Tottenham, na Yerry Mina dakika ya 9 ya nyongeza kwa Wolves Mei 20. Ondoa moja tu kati ya hayo, tunabaki na 35, tumepona. Ondoa mawili, ni 34, tumeshuka. Wanachama wanaosema Mina ndiye aliyetuokoa wanampa sifa kubwa mno. Hata Wolves wangetufunga siku ile, ushindi dhidi ya Bournemouth bado ungetosha. Lakini wanaosema bao lake halikuwa na maana nao wamekosea, kwa sababu Simms na Keane peke yao wasingekuwa na akiba yoyote.

Tukio lililokuwa na uzito kuliko yote, kwa maoni yangu, halikuwa bao. Mei 1 tulikuwa Leicester, tuko nyuma 2-1, muda mfupi kabla ya mapumziko, wakapewa penalti. Kipa wetu Jordan Pickford alikuwa na chupa ya maji yenye maelezo ya wapigaji wa Leicester na mahali wanapopenda kupeleka mpira. James Maddison akapiga katikati. Pickford hakuruka, alisimama pale pale katikati na kuuzuia. Alex Iwobi akasawazisha kipindi cha pili, ikaisha 2-2. Sasa piga hesabu: penalti ile ingeingia na mechi ikaisha 3-2, Leicester wangemaliza na 36 na sisi 35. Mechi za wapinzani wa karibu hubeba mzigo mara mbili, unachokipoteza wewe kinakwenda kwa anayekufukuza. Na kusema kweli hatukuzicheza vizuri: dhidi ya timu tatu zilizoshuka tulivuna pointi 8 kati ya 18.

Kuna hasara nyingine ambayo haizungumzwi sana. Katika mechi ile ya Tottenham, Aprili 3, Doucouré alimsukuma Harry Kane usoni akapewa kadi nyekundu. Akakosa mechi tatu: 2-0 Manchester United wakatufunga, Fulham wakashinda 3-1 Goodison, na 0-0 kwa Crystal Palace. Pointi 1 kati ya 9. Tulipokuwa naye Brighton Mei 8, alifunga kabla dakika ya kwanza haijaisha, akaongeza la pili, kipa wao akajifunga, McNeil akamalizia kwa mawili. Tukashinda 5-1 ugenini, timu yetu hii ambayo ilikuwa imefunga mabao 5 tu katika mechi zake 6 zilizotangulia, matano hayo yakiwemo mawili ya Leicester! Mpira una mambo yake.

Siku ya mwisho sitairefusha, wote mliiona. Tuliingia na pointi 33, Leicester na Leeds 31 kila mmoja. Tulikuwa hatuna beki wa pembeni hata mmoja wa kawaida aliye fiti wala Calvert-Lewin. James Garner, kiungo, akacheza kulia, McNeil akarudishwa kushoto, Demarai Gray akasimama mbele. Harvey Barnes alipowafungia Leicester dakika ya 34, tukawa ndani ya shimo, na tukaenda mapumziko tukiwa humo. Dakika ya 57 mabeki wa Bournemouth wakautoa mpira kwa kichwa hadi ukingoni mwa boksi, Doucouré akauunganisha moja kwa moja. Mwamuzi akaongeza dakika 10. Leicester waliwafunga West Ham 2-1, kwa hiyo sare isingetufaa.

Mambo yanayokuja yanahitaji macho makavu. Machi 24, 2023 Ligi Kuu iliipeleka klabu mbele ya kamati huru kwa madai ya kuvunja kanuni ya hasara. Kanuni yenyewe wakati huo iliruhusu hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, baada ya kuondoa gharama kama za uwanja, akademi, timu ya wanawake na kazi za jamii. Hadi taarifa hii ilipoandikwa mwaka 2023, klabu ilikuwa inakanusha. Adhabu ingeweza kuwa kukatwa pointi, na kwa timu iliyopona kwa pointi 2, mnaelewa maana yake. Juni 12 wakurugenzi watatu waliondoka kwenye bodi. Mina naye mkataba ulikwisha mwaka huo wa 2023, akaondoka. Uwanja mpya wa Bramley-Moore Dock, uliopangwa kuchukua watu 52,888, mwaka 2023 ulikuwa ukiendelea kujengwa, na kila pauni iliyokwenda huko ilikuwa pauni isiyokwenda kwa mshambuliaji.

Upande wa chama. Wengi wenu mlijiunga baada ya Julai 2017, timu ilipokuja Dar es Salaam ikawafunga Gor Mahia 2-1 na Wayne Rooney akafunga. Udhamini uliowaleta umekwisha zamani, wanachama mmebaki, kamati inashukuru. Ada haipandi. Wanaodaiwa walipe kwa mweka hazina kabla ya mechi ya kwanza, kwa sababu malipo ya king'amuzi ukumbini hayangoji.

Kuhusu saa za mechi, maana kila mwaka watu hukosa kipindi cha kwanza: mechi ya saa 9 alasiri Uingereza kwetu ni saa 11 jioni hadi Oktoba 29, 2023, saa zao zitakaporudi nyuma, kuanzia hapo itakuwa saa 12 jioni. Mechi zao za usiku zitasogea kutoka saa 4 hadi saa 5, na kamati inapendekeza zile za katikati ya wiki ukumbi ufunguliwe kwa waliojiandikisha tu, kwani mlinzi hulipwa ziada. Pendekezo hilo lipigiwe kura.

Ratiba imetoka. Tunaanza Agosti 12, 2023 nyumbani Goodison dhidi ya Fulham, saa 11 jioni. Ukumbi utafunguliwa saa 10.

Mwenyekiti