Risala ya Klabu ya Mawasiliano kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Uhandisi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wahadhiri wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kujumuika nasi. Ulipopita korido ya maabara uliliona bamba la kijani limeegeshwa kwenye kona. Wengi hudhani ni ubao wa matangazo uliosahaulika. Kumbe ni bamba akisi janja, bamba la kuelekeza mawimbi ya mawasiliano, na hilo ndilo tunalokuja nalo mbele yako.

Ndugu Mgeni Rasmi, mitandao ya 6G, yaani kizazi cha sita cha mitandao ya simu, inatazamia pia kutumia masafa ya juu, yenye nafasi kubwa ya kupitisha data. Ubaya wake ni kwamba mawimbi hayo ni dhaifu mbele ya vizuizi. Kwenye gigahezi 28 wimbi lina urefu wa milimita 11 hivi. Ukuta wa zege unalizuia, na hata mtu akisimama mbele ya simu analipunguza sana. Kujenga mnara kila kona ni gharama. Bamba akisi janja halirushi mawimbi mapya, bali huyapokea ya mnara na kuyaelekeza kule yasikofika, kama mtoto anavyochezesha mwanga wa jua kwa kipande cha kioo. Ila bamba lenyewe halisogei.

Letu ni la gigahezi 5.8, masafa ya Wi-Fi. Lina vipande vya shaba vyenye upana wa sentimita mbili na nusu, kila kimoja na daiodi yake, yaani swichi ndogo ya kielektroniki, tuliyoichomelea kwa mkono. Daiodi ikizimwa, wimbi hurudi kwa awamu moja, yaani mpangilio mmoja wa kupanda na kushuka kwake. Ikiwashwa, hurudi na awamu iliyogeuka nyuzi 180. Kompyuta ndogo huchagua ipi iwashwe, ili mawimbi yote yakutane mahali pamoja yakisaidiana. Halina kikuza nguvu, hivyo linakula umeme kidogo.

Wapo wengine wanaoijaribu teknolojia hii. Japani, kampuni ya simu ya NTT DOCOMO na kampuni ya vioo ya AGC walitangaza mwaka 2020 jaribio la kioo kinachopitisha au kurudisha mawimbi ya gigahezi 28. Ulaya, ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano, iliunda kikundi cha teknolojia hii mwaka 2021.

Wapo wanaosema mabamba haya yatafikisha intaneti vijijini kusiko na mnara. Hatukubaliani nao. Nguvu hupungua kutoka mnarani hadi kwenye bamba, kisha hupungua tena hadi kwenye simu; lazima bamba liwe karibu na mnara au karibu na simu. Mahali pake ni Kariakoo katikati ya maghorofa, au wodi za hospitali.

Maombi yetu ni mawili: kipimaji cha mawimbi, maana cha kuazima hurudishwa kabla hatujamaliza vipimo, na barua ya utambulisho kwenda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, tuombe kibali cha kujaribu masafa ya juu zaidi.

Ndugu Mgeni Rasmi, bamba limewashwa. Baada ya risala hii tunakukaribisha ulikague.

Naomba kuwasilisha.