Kuhusu udhaifu wa kiusalama wenye namba ya utambulisho CVE-2022-22960 katika seva zetu

Ndugu wanakikundi, wasimamizi wa mifumo wa Tanga,

Naomba kila ambaye ofisi yake, iwe Chumbageni, bandarini au Pongwe, bado inaendesha VMware Workspace ONE Access au Identity Manager, yaani programu za kusimamia uingiaji wa watumiaji kwenye mifumo, ahakikishe leo kwamba marekebisho yaliyotolewa tarehe 6 Aprili 2022 yamewekwa. Udhaifu huu unatokana na ruhusa zilizopangwa vibaya katika skripti (programu fupi) za usaidizi, kiasi kwamba mtu aliyekwisha kuingia kwenye seva kwa akaunti ya kawaida anaweza kujitwalia mamlaka yote ya msimamizi mkuu.

Wapo wanaosema hatari ni ndogo kwa kuwa mvamizi lazima awe ndani kwanza. Sikubaliani nao. Wavamizi waliuunganisha na udhaifu mwingine, CVE-2022-22954, unaomwezesha mtu wa mbali kuendesha amri bila nenosiri, na kwa mujibu wa CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, mashambulizi yalianza ndani ya saa 48 tangu marekebisho yatoke. Seva hii ndiyo inayoamua nani aingie wapi. Ikitekwa, mifumo yote inayoitegemea iko mashakani.

Chukueni nakala rudufu kabla ya kuweka marekebisho. Ikiwa seva ilikuwa wazi kwa intaneti kabla ya kurekebishwa, ihesabuni kuwa imeingiliwa, itengeni na mtandao na mkague kumbukumbu zake za matukio (logi). Tafadhali msizibandike kumbukumbu hizo hapa kikundini, nitumieni faragha.