Alhamisi badala ya Jumatano: tunaanza Zaburi ya 119

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kipindi chetu cha wiki hii kimehamia Alhamisi saa 11:30 jioni, maana Jumatano ukumbi una kwaya. Tutakaa darasa la watoto nyuma ya kanisa (viti ni vidogo, mtavumilia).

1. Zaburi ya 119 ina mistari 176, lakini msiogope: imegawanyika mafungu 22 ya mistari minane minane. Fungu moja kwa siku, basi. Soma taratibu, rudia, kisha chagua mstari mmoja ushinde nao, iwe kwenye daladala, jikoni au dukani. Mimi nimeshika wa 11: "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako." Alhamisi kila mmoja aje na wake atuambie umemgusaje. Dakika mbili zinatosha. Mahubiri tumwachie mchungaji.

2. Mchango wa chai ni sh. 2,000, umfikie mhazini kabla ya Jumatano jioni.

3. Tunahitaji chupa mbili kubwa za chai. Nani anazo?

Tafadhali andika "Nipo" au "Sitafika" hapa kabla ya kesho saa 2 usiku, tujue idadi ya maandazi.

Mbarikiwe.