Upepo wa tairi: jangwa si mchanga mtupu

Bwana Mhariri,

Makala yenu kuhusu kuvuka jangwa kwa pikipiki kubwa imesomwa sana hapa Goma, na wapo walioanza kuifuata. Ndiyo maana sisi mafundi hatuwezi kunyamaza. Mwandishi anashauri upepo wa tairi ushushwe hadi bari 1 (bari ni kipimo cha msukumo wa upepo) mara tu lami inapoisha. Kwenye mchanga laini kupunguza upepo kuna maana: tairi linatanuka na kulala juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Lakini sehemu kubwa ya Sahara ni changarawe na mawe, si vilima vya mchanga. Na sisi tunaishi juu ya mawe ambayo volkano ya Nyiragongo iliyamwaga, mara ya mwisho mjini mwaka 2002, kisha pembezoni mwaka 2021. Ukienda na bari 1 juu ya mawe kama hayo, unatafuta kuvunja rimu.

Pikipiki kubwa kama BMW R 1250 GS yenye mafuta kamili ina kilo 249. Mweke mtu na mizigo yake, kilo 350 si mbali. Uzito huo ukigonga ukingo wa jiwe huku tairi ni legevu, tairi linabonyea mpaka rimu inakutana na jiwe, na kama lina tyubu, tyubu inabanwa katikati. Ukiitoa utaona matundu mawili yamekaa sambamba, kama alama za meno ya nyoka. Ukiziba moja tu, upepo utaisha tena baada ya dakika chache. Kwa tairi lisilo na tyubu, rimu ikipinda upepo unatokea pembeni, na ile kamba ya raba ya kuzibia pancha haifai kitu hapo.

Kwa GS hiyo kiwanda kinataka bari 2.5 mbele na 2.9 nyuma kwenye lami. Kwenye mawe shusha hadi kama 2 mbele na 2.2 nyuma, usishushe zaidi ya hapo. Mchanga mrefu na laini ukianza, 1.5 inatosha. Ukishuka sana chini ya hapo kwenye tairi lenye tyubu ambalo halina kibano cha kulishikilia kwenye rimu, tairi linateleza, linaivuta tyubu, na valvu inang'oka. Kwa hiyo nati ndogo ya valvu isikazwe kwenye rimu; ipandishwe juu mpaka kwenye kifuniko. Hapo valvu ikianza kuinama utaiona mapema, ukapata nafasi ya kuongeza upepo kabla haijakatika. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Mchana namba itapanda yenyewe kwa joto, usiipunguze.

Jambo jingine ambalo makala haikuligusa ni breki. Wengi wanaona jiwe, wanashika breki ya mbele, na wanaligonga wakiwa bado wameishika. Shokapu zimekwisha kushuka, hazina tena nafasi ya kumeza pigo, kwa hiyo rimu inalibeba lote. Punguza mwendo kabla ya jiwe, achia breki, simama juu ya vikanyagio magoti yakibana tangi, halafu acha gurudumu lipande lenyewe. ABS ya nyuma (mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge ukishika breki) izimwe kwenye mteremko wa changarawe, na ukumbuke kwamba kwenye pikipiki nyingi inarudi kuwaka kila ukizima na kuwasha kwa ufunguo.

Kuhusu masanduku ya alumini yaliyosifiwa sana: kwenye njia mbaya mguu ukishuka ghafla kutafuta ardhi, sanduku linaukuta kwa nyuma na kuuvunja. Mifuko laini ni bora, vitu vizito viwekwe chini na mbele.

Pancha ikitokea, tyubu ya mbele ya inchi 21 inaweza kuingia kwenye tairi la nyuma la inchi 18 na kukufikisha nyumbani polepole, kwa hiyo beba hiyo moja. Tyubu mpya itiwe upepo kidogo kabla ya kuivisha. Anza kulirudisha tairi upande ulio mbali na valvu, na umalizie kwenye valvu, huku goti likisukuma upande wa pili ndani ya bonde la katikati ya rimu. Asiyelisukuma analazimika kutumia nguvu kwenye chuma cha kuvishia tairi mwishoni, na chuma hicho ndicho kinachotoboa tyubu mpya.

Tunaomba, Bwana Mhariri, mchapishe namba za mchanga na za mawe kila moja peke yake, na muongeze kwamba upepo urudishwe kabla ya kukimbia tena kwenye lami: tairi legevu likienda kasi linapata joto na kupasuka kuta zake.

Mafundi wa pikipiki,
Goma